Mvutaji Apelekwe kwa Mfamasia, Asisimangwe Wakati wa Futari



Kila Ramadhani jambo hili hurudi katika nyumba nyingi hapa Uganda. Baba amefunga zaidi ya saa 13 bila kugusa sigara. Maghrib ikiadhiniwa anakula tende mbili, anakunywa maji, kisha anapotelea nyuma ya nyumba. Hapo masimango huanza: "Mchana umeweza, usiku unashindwa nini? Imani yako ndogo!"

Mimi naona masimango hayo hayana faida yoyote. Anayesimangwa haachi, anajificha tu, na pengine anajifungia kuvuta katika chumba kile kile wanamolala watoto. Moshi huo wanauvuta na wao.

Wanaosema hivyo hawaijui nikotini. Nusu ya ile iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa takriban saa mbili, kwa hiyo ikifika Maghrib imebaki kidogo sana na ubongo unaidai. Zile hasira za baada ya Alasiri na kichwa kuuma hazitokani na njaa peke yake. Ni uraibu, na uraibu una dawa. Shirika la Afya Duniani liliziingiza plasta na chingamu za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwaka 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na humo linataka dawa ziende pamoja na ushauri.

Ushauri huo ndio kazi ya mfamasia. Nasema mfamasia, maana si kila anayeuza dawa ni mfamasia. Ulizeni, si kosa. Atataka kujua unavuta ngapi kwa siku, na ya kwanza unaiwasha muda gani baada ya kuamka. Anayewasha kabla ya nusu saa, kwa kawaida hupewa chingamu ya miligramu 4 badala ya 2. Tena chingamu hii haitafunwi kama ya watoto. Unatafuna pole pole mpaka usikie ukali, unaiweka kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha unatafuna tena. Wengi huitafuna mfululizo, wakapata kwikwi na kichefuchefu, wakasema dawa haifai. Plasta nayo hubandikwa kwenye ngozi safi na kavu, kila siku mahali pengine, na kipimo hupunguzwa kadiri wiki zinavyokwenda.

Na swaumu je? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema kuwa kinachoingia mwilini kwa kufyonzwa na ngozi, kama plasta yenye dawa, hakifunguzi. Chingamu ni ya usiku. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Kuna jambo lingine ambalo jirani aliyeacha kwa kutafuna tangawizi hawezi kukuambia. Mwenye pumu anayemeza aminofilini, moshi wa sigara huufanya mwili wake uiondoe dawa hiyo haraka. Akiacha kuvuta, kidonge kile kile huweza kuzidi katika damu, akatapika na moyo ukaenda mbio. Anayejidunga insulini naye huenda akahitaji kipimo kingine. Bupropioni, kidonge kimoja cha kuachia sigara, haipewi mwenye kifafa. Basi dawa zote za nyumbani zitiwe katika mfuko mmoja, na za mitishamba pia, aonyeshwe mfamasia.

Enyi wanafunzi, msicheke. Shisha ina nikotini, na yale maji hayaisafishi. Sheria ya mwaka 2015 imeipiga marufuku nchini, na tumbaku haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 21.

Kina mama, msingoje Ramadhani iandame. Wiki mbili kabla, mwambie, "Baba watoto, kesho tukitoka kuswali Alasiri twende wote famasi." Gharama ya plasta ichangwe na wakubwa wa nyumba, kama tunavyochangia dawa ya presha. Siku tatu za mwanzo ndizo nzito, kisha hali hupungua kwa wiki mbili mpaka nne. Akiteleza akavuta moja, arudi kwa mfamasia yule yule kesho yake.

Wabillahi tawfiq.