Kwa Nini Wanapenda Picha za Damu?



Mama mmoja wa hapa Bugarama ameniuliza: mwanawe wa miaka 16 hukimbia kuku akichinjwa, lakini hulipa kiingilio katika banda la video kutazama watu wakikatwa vidole. Je, ameharibika?

Picha yenyewe ni Hostel, ya Mmarekani Eli Roth, ya mwaka 2005. Vijana watatu wanatembea Ulaya wakitafuta starehe, wanashawishiwa kwenda Slovakia, na huko matajiri hulipa fedha ili wamtese mgeni mpaka afe. Waslovakia walikasirika, na si ajabu, kwani hata haikupigwa kwao, ilipigwa Cheki. Ilitengenezwa kwa dola zisizofika milioni 5, ikaingiza karibu milioni 80.

Kijana huenda kuogopa mahali ambapo hataumia. Moyo unadunda, kisha anatoka nje na vidole vyake kumi. Pia wenzake wapo, na anayefumba macho huchekwa. Tena yupo mtafsiri anayeweka maneno ya Kiswahili na mizaha, basi hata kilio kinakuwa kichekesho. Nasi tulipokuwa wadogo tuliwaomba bibi zetu waongeze hadithi ya zimwi mla watu. Simwoni huyo kijana kuwa ameharibika.

Linalonisumbua ni jingine. Katika picha hiyo mwili wa mtu una bei. Huku kwetu Kanda ya Ziwa bei hiyo imewahi kutajwa kweli: watu wenye ualbino waliuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata dhahabu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Mtoto wa aina hiyo akiketi kwenye banda lile, anatazama nini?

Kwa hiyo, mama, usianze na fimbo. Wadogo wa shule ya msingi wasiingie kabisa, na mwenye banda aambiwe hivyo na akina mama wengi kwa pamoja. Lakini huyu mkubwa mwombe akusimulie picha yote mnapomenya viazi. Atakueleza waliokufa. Wewe mwulize wanaolipa. Yumo mfanyabiashara Mholanzi, ana binti yake, anakula saladi kwa mikono ndani ya treni akizungumza na vijana kwa utulivu. Mwulize kijana wako habari za huyo, umwache aseme.