Mkeka wa Madrasa na Wanaouketia

Msafiri aiachaye baridi ya Sumbawanga na mashamba ya mahindi ya nyanda za juu, akateremka Lyamba lya Mfipa hata akafika katika joto la bonde la Ziwa Rukwa, huingia katika nchi ambayo watu wake wametoka katika asili nyingi. Milepa ni mojawapo ya kata za bonde hilo. Wafipa na Wawanda wana makao yao ya zamani katika nchi ile, Wasukuma wamefuata malisho na mifugo yao, na nyuma yao wamekuja wachuuzi wanaofuata mpunga, kila mmoja na lugha ya mama yake na namna yake ya kumwamkia mzee. Madrasa itakayotandika mkeka wake mahali kama hapo haina hiari ya kuwa ya kabila moja. Hiari iliyobaki mikononi mwa waalimu wake ni namna ya kuwakirimu wale watakaouketia.

Nayasema haya kwa sababu shule za Kiislamu, kama shule nyinginezo, zimezipenda siku za utamaduni, ambazo wanafunzi huvaa mavazi ya jadi, huonyesha vyakula vya kwao na kuimba kwa lugha za bibi zao, na wazazi wakafurahi, na mgeni rasmi akatoa hotuba. Sina inda na sherehe hizo. Qurani yenyewe, katika aya ya 13 ya Sura ya Hujurat, imeeleza kwamba wanadamu wamejaaliwa mataifa na kabila ili wajuane, na kwamba ubora mbele ya Mungu ni wa mcha Mungu. Na kujuana kwaweza kuanza kwa sahani ya chakula. Walakini ngoma ikisha na mavazi yakakunjwa, huwa natazama jambo jingine: ni mtoto wa nani aliyewekwa mbele na kitabu, na ni wa nani aliyeachwa nyuma, karibu na viatu.

Pwani yetu imewahi kulijibu swali hilo kwa vitendo. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, Lamu ilikuwa mji wa daraja, na elimu ya dini ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tunu ya majumba ya mawe ya Mkomani, ambayo wenyewe hawakuona sababu ya kumpa mtumwa wala mgema. Ndipo Sayyid Saleh bin Alawi Jamalil-Layl, ambaye watu humwita Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija na mgeni katika mji ule, akaenda kukaa mtaa wa Langoni, akawasomesha wale waliodharauliwa: waliokuwa watumwa na watoto wao, wahamiaji, na vibarua wa mashambani. Waungwana wengi walichukizwa. Walichukizwa na matari yaliyopigwa katika Maulidi, na nadhani walichukizwa zaidi kuona kwamba mikono iliyoyashika ilikuwa ya watu waliozoea kutumwa. Msikiti wa Riyadha ulisimama hata hivyo, na Habib Saleh alipofariki mwaka 1935 mji uliomkunjia uso ulikuwa ukijisifu kwa Maulidi yake, ambayo hata leo hukusanya wageni wa nchi nyingi, na goma la Lamu huchezwa mchana wa sherehe. Wageni hulipenda goma, nao wana haki ya kulipenda. Lakini goma ni tunda, na mti wenyewe ni yale madarasa ya Langoni.

Bagamoyo nayo ina habari iliyo karibu zaidi na sisi watu wa bara. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na kufikia mwaka wa kufa kwake, 1931, watu wa kila asili walikuwa wakimfuata. Mtu aliyepelekwa pwani kama bidhaa akawa mwalimu wa pwani.

Sasa turudi Ufipa, nchi ya Wafipa. Hii ni nchi ambayo Wamisionari wa Afrika, walioshika kituo cha Karema mwaka 1885, waliijengea Ukatoliki wenye mizizi mirefu, na Waislamu humo ni wachache. Wachache wana mtihani wao: hutamani alama za kuwatambulisha, nao mara nyingi huazima zile za pwani, hata kijana wa Kifipa akadhani kwamba Uislamu wake haujatimia mpaka apate kanzu, kofia na lafudhi ya Unguja. Mavazi hayo ni mazuri, nami mwenyewe huyavaa. Lakini mwalimu anayemfanya mtoto aone haya ya ukoo wake amemfunza jambo lisilokuwamo katika kitabu chochote cha fikihi.

Masimulizi ya Wafipa husema kwamba ufalme wa Milansi ulijiwa na wanawake wageni walioitwaa enzi, na kizazi chao, Watwa, kikatawala Nkansi na Lyangalile. Walakini mwenye Milansi hakufutwa, alibakiziwa heshima ya kale ya mambo ya ibada. Mashekhe waliotoka mbali wangefaa kuyasikiliza masimulizi hayo. Mgeni amepewa kiti, na mwenyeji bado yupo.

Najua nitakayojibiwa: mila nyingine zagongana na sharia. Naam. Pombe ya ulezi haina mjadala, wala uganga wa kupiga ramli. Lakini mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu, wameikubali ada kuwa hoja maadamu haikupingana na nassi, na ilivyo ni kwamba yapo mengi yasiyopingana nayo. Mtoto wa Kifipa anayechutama na kupiga makofi taratibu mbele ya mzee anasalimu. Hajasujudu, na ustadhi anayemkaripia angeuliza kwanza maana ya kitendo kile nyumbani kwao. Lugha kadhalika. Tangu Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipoitoa tafsiri yake kamili ya Qurani mwaka 1969, Kiswahili kimewafungulia maana wengi wasiojua Kiarabu, na sioni dhambi gani iko katika kumfafanulia mtoto mdogo hadithi kwa Kifipa au Kisukuma kabla Kiswahili chake hakijapevuka.

Kwa hivyo ningependa kamati za misikiti za bondeni, zikipanga siku ya utamaduni, zipange pia kumtafuta kijana wa hapo hapo, Mfipa, Mwanda au Msukuma, zimpeleke kusoma kwa gharama ya wote, na akirudi zimkabidhi darasa badala ya kumfanya msaidizi wa ustadhi wa kuazima. Na saa za darsa zitazamwe upya: mtoto wa mfugaji ambaye hakufika alasiri kwa sababu ng'ombe wangali mbugani asiandikwe mtoro, awekewe darsa baada ya magharibi, na mama yake aulizwe kama saa hiyo inamfaa.