Rice ya Harlem: shule ilifungwa 2011, wahitimu wake wafanye nini?

Wadau wa basketi, Kemba Walker mnamjua. Aprili 2011 aliibeba UConn mgongoni mpaka ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani, wakamfunga Butler 53-41 kwenye fainali, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho. Kwetu Wabongo timu ile si ngeni kabisa. Msimu wa 2008-09, Kemba akiwa mwaka wa kwanza, aliyekuwa anasimama chini ya kikapu ni Hasheem Thabeet wetu, na wakafika pamoja nusu fainali.

Kitu ambacho huku hakikutangazwa sana ni kwamba Mei 2011, yaani mwezi mmoja tu baada ya ubingwa huo, sekondari aliyotoka Kemba ilitangaza kuwa inafunga milango. Rice High School, Harlem, mtaa wa 124, ya wavulana watupu, ya Kikatoliki, imeanza 1938. Shule imemtoa Kemba, kabla yake imemtoa Felipe Lopez na Dean Meminger, halafu kwisha habari yake.

Nimeamua kuiandika hii leo kwa sababu kila siku nasikia watu wanasema "roho ya shule haifi". Jamani, maneno matamu hayo, lakini tuyaangalie vizuri.

Kwanza, kwa nini shule kama hizi zinakufa? Rice iliendeshwa na Mabruda wa Kikristo, shirika lililoanzishwa mwaka 1802 huko Waterford, Ireland, na Edmund Rice, mfanyabiashara aliyefiwa na mkewe akaamua kusomesha watoto wa maskini. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri 1996. Sasa mpango wa shule za namna hii ulikuwa rahisi: bruda anafundisha, anaishi nyumba ya shirika, halipwi mshahara kama mwalimu wa kawaida. Ndiyo maana mtoto wa dereva au mfagiaji aliweza kusoma, ada ilikuwa kidogo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa kuingia ubruda na usista wakapungua vibaya. Ikabidi waajiriwe walimu walei, wenye familia, wenye kodi ya nyumba ya kulipa, wanaodai mshahara wa kweli (na ni haki yao). Ada ikapanda. Familia nyingi za Kikatoliki zilikuwa zimeshahamia nje ya mji. Zilizobaki Harlem ni familia za watu weusi na za Kilatino, wengi wao hata si Wakatoliki, na mfukoni hamna kitu. Halafu zikaja zile shule za umma zinazoendeshwa na taasisi binafsi, hazitozi ada, na kwa Harlem zimejaa. Mama anayelea watoto watatu utamwambia nini?

Si Rice peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za Kikatoliki Marekani nzima zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki hata milioni 2, na shule zenyewe zimepungua zaidi ya nusu.

Kuna jambo jingine ambalo wahitimu wengi hawapendi kulitaja kwenye hafla zao, mimi nalitaja. Aprili hiyohiyo ya 2011, wakati Kemba anashangilia, taasisi ya Mabruda hao kule New York ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, kwa sababu ya madai ya watu waliodhalilishwa kingono wakiwa watoto kwenye shule na nyumba za malezi za shirika hilo, Marekani na Kanada. Mwaka 2013 yakafikiwa makubaliano ya dola milioni 16.5 kwa waathirika zaidi ya 400. Sisemi kwamba fidia ndiyo iliyoifunga Rice, maana sababu zilizotolewa ni uhaba wa pesa na uchache wa wanafunzi. Ninachosema ni kwamba ukitaka kuihifadhi roho ya shule ya shirika hilo, huwezi kuchukua nyimbo na jezi halafu hilo ukalisukumia uvunguni. Wapo waliosoma chini ya mabruda haohao ambao kumbukumbu yao ya shule ni hiyo.

Tumtazame mtu maarufu kuliko wote waliopita kwenye mikono yao pale New York. Kabla hajaitwa Kareem Abdul-Jabbar alikuwa Lew Alcindor wa Power Memorial Academy, mtaa wa 61, shule ya mabruda hawahawa, iliyopewa jina la padre James Power wa parokia ya All Saints, Harlem. Pale walishinda mechi 71 mfululizo. Mpaka leo watu wa makamo wanahadithia Januari 30, 1965, siku DeMatha ya Maryland ilipowakata ngebe 46-43. Hiyo ndiyo hadithi ya mezani, ya kupigia picha. Lakini Kareem mwenyewe ameandika pia kuwa kocha wake, Jack Donohue, wakati wa mapumziko ya mechi moja alimfokea kwa lile tusi la watu weusi, eti anamtia moyo acheze kwa nguvu. Kijana wa sekondari! Lile jeraha alitembea nalo miaka mingi kabla hawajapatana. Kwa hiyo ukimuuliza Kareem roho ya Power ni nini, utapata majibu mawili kwenye mdomo mmoja, na yote ya kweli.

Power ilifungwa 1984. Na angalia mambo: Aprili ya mwaka huohuo Kareem ndiyo alimpita Wilt Chamberlain kuwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote NBA, rekodi aliyokaa nayo mpaka LeBron alipomvua Februari 2023. Jengo la Power lilibomolewa. Kiwanja kilikuwa karibu na Lincoln Center, sehemu ya pesa, pakapandishwa ghorofa la makazi.

Sasa tupige hesabu ndogo. Aliyemaliza Power 1984 akiwa na miaka 18 alizaliwa 1966, piga mwenyewe ana umri gani. Huyo ndiye mdogo wao! Chama cha wahitimu wa shule iliyo hai kila mwaka kinaingiza damu mpya, cha shule iliyofungwa kinatoa tu. Wa Rice wana nafuu, darasa la mwisho wapo thelathini na kitu, wana kazi, wana nguvu. Wana kama miaka arobaini mbele yao, basi. Ndiyo maana naona suala la wafanye nini ni la haraka, si la kungoja wastaafu.

Chakula cha jioni mara moja kwa mwaka hakina ubaya. Koti lenye nembo halina ubaya. Ila roho ya Edmund Rice haikuwa koti, ilikuwa mtoto wa maskini kukaa darasani kwa ada anayoimudu. Huyo mtoto bado yupo Harlem. Kwa hiyo kama kuna pesa ya hafla, nusu yake imlipie kijana ada kwenye shule nyingine ya Kikatoliki iliyobaki wazi, hata kama atavaa sare ya wapinzani wa zamani. Najua hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu aliyekula viatu vya watu fulani uwanjani miaka minne hataki kumlipia mtoto ada akawachezee. Nadhani huo ndio mtihani wenyewe.

Na sisi huku? Tuna kesi yetu ya aina nyingine. St. Francis College, Pugu, ile ya mapadre, alipofundisha Nyerere mpaka alipoacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU, na aliposoma Mkapa. Baada ya sheria ya elimu ya 1969 serikali ikazichukua shule za mashirika ya dini, Pugu ikiwamo. Kwa Kanisa ule ulikuwa mwisho wa shule yake. Lakini hakuna aliyebomoa kitu, kengele iliendelea kulia, watoto wa dini zote wakaingia. Wengine wanasema roho ilipotea siku ile mapadre walipokabidhi funguo. Mimi nakataa nusu. Nidhamu ya zamani sikatai ilipungua, lakini mhitimu wa Pugu wa miaka ya 60 akitaka kusaidia leo anajua pa kwenda: kuna bweni, kuna choo, kuna maabara, kuna kidato cha kwanza. Mwana-Power hana hata ukuta wa kuegemea.

Ndiyo maana wana-Pugu nawadai zaidi kuliko watu wa Harlem. Pamoja na nyie wa Ihungo, Umbwe, Milambo na kwingine kote kulikochukuliwa enzi zile. Mna shule bado. Semeni basi, mna mfuko wa ada au mna kikao cha nyama choma tu?