ELIYA ALIKIMBIA, KISHA AKALALA



Ninyi mnaodamka alfajiri kukimbia kando ya barabara ya Thika, leo nina neno lenu.

Mwaka jana nilijiunga nanyi. Kila asubuhi, kutoka Ruiru kuelekea Juja, nilikimbia kwa nguvu zangu zote. Niliona siku nisiyohema ni siku iliyopotea. Wiki ya sita muundi ukaanza kuuma. Nikakaza. Jumapili iliyofuata nilihubiri nikiwa nimeketi. Wengine mlisema ni vita vya adui. Hapana, mpendwa. Adui alikuwa mimi.

Mtazame Eliud Kipchoge. Mwaka 2019, kule Vienna, alikimbia kilomita 42.2 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Lakini mwenyewe ameeleza kwamba mazoezini hajitoi asilimia 100. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hujitahidi kama asilimia 80, siku nyingine 50 tu. Mazoezi huchosha mwili, nao hujijenga ukila, ukilala na ukipumzika. Ukiukimbiza tena kabla haujapona, unabomoa.

Soma 1 Wafalme 18 na 19. Eliya alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Muda mfupi baadaye yuko chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwambia afunge. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu.

Kwa hiyo, kijana wa Makongeni, mama wa Kihunguro, sikia. Siku nyingi kimbia polepole. Kipimo ni hiki: ukishindwa kuimba pambio, punguza mwendo. Siku za kasi ziwe mbili kwa wiki, tena zisifuatane. Ongeza umbali kidogo kidogo. Maumivu yakikaa mahali pamoja na kuzidi ukikimbia, simama, umwone daktari. Na kama ulikuwa kwenye kesha Ijumaa, Jumamosi lala.

Kupumzika si uvivu. Ni kukiri kwamba wewe si Mungu.

Mimi nimerudi barabarani, polepole. Mkinipita kesho, nisalimieni tu.

Ni nani anakimbia kila siku bila kupumzika? Mtumie ujumbe huu.

Mchungaji wenu. Amina.