Gozi liko London, shinikizo la damu liko Burat

Mgonjwa wa shinikizo la damu anapokuja kwangu Jumatatu asubuhi, huwa namuuliza swali ambalo halimo katika vitabu vya udaktari: jana ulitazama mpira wapi, na uligombana na nani? Wengine hucheka. Wengine huinamisha kichwa, na hapo najua nimegusa penyewe.

Katika wadi ya Burat, kando ya mji wa Isiolo, burudani ya wanaume wengi ikifika jioni ni kwenda kibandani kutazama kabumbu ya Uingereza. Sina neno na hilo. Mtu aliyeshinda shambani akimwagilia nyanya, au aliyeshinda juani akifuata mbuzi, ana haki ya kustarehe. Ninacholalamikia ni kile kinachofuata baada ya kipenga cha mwisho. Ubishi huanza na refa, ukahamia kwa kocha, kisha mtu akaambiwa hajui mpira. Baadaye hutajwa deni alilokopa mwaka jana, mkewe aliyemwacha, na mwishowe kabila lake. Wakifika nyumbani huendeleza matusi kwa simu hadi usiku wa manane. Kesho yake watu wawili waliokuwa wakinywa chai meza moja hawasalimiani.

Nikiuliza, huambiwa, "Daktari, hayo ni mambo ya mpira tu." Neno hilo "tu" ndilo ninalotaka kulipinga.

Mwili wa binadamu hauna hasira ya mchezo na hasira ya kweli. Mtu akitukanwa mbele ya wenzake, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, shinikizo hupanda, na damu huwa nyepesi kuganda. Maumbile yalitupa uwezo huo ili tupate kumkabili simba au kumkimbia. Pale kibandani hakuna simba, na mwenyewe ameketi kwenye benchi akitetemeka midomo. Nguvu zote hizo hazina pa kwenda.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa waliopatwa na mshtuko wa moyo. Waligundua kwamba katika saa 2 baada ya mtu kufoka kwa hasira, hatari ya kupatwa na mshtuko huo huzidi mara 2. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa mji wa Munich na viunga vyake walihesabu watu waliohitaji matibabu ya dharura ya moyo. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, idadi ilipanda zaidi ya mara 2 na nusu ikilinganishwa na siku za kawaida, na kwa wanaume ilizidi mara 3. Siku ya robo-fainali dhidi ya Argentina, iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti, ilikuwa miongoni mwa zile mbaya kabisa. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa tayari na maradhi ya moyo.

Na hao Wajerumani, angalau, walikuwa wakishangilia timu ya taifa lao. Sisi twafokeana kwa ajili ya vijana ambao hawajui Isiolo iko upande gani wa dunia.

Hapa kwetu hatari huongezeka kwa sababu nyingine. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kwa hiyo, msomaji, katika benchi la watu wanne huenda mmoja anakaa juu ya moto bila kujua. Mpe miraa atafune tangu alasiri, maana miraa nayo huharakisha moyo na kupandisha shinikizo. Mechi za Klabu Bingwa Ulaya, Uingereza ikiwa katika majira ya baridi, kwetu huanza saa tano za usiku na kumalizika karibu na saa saba. Ongeza saa moja ya ubishi. Mtu huyo ataamka alfajiri kwenda kazini akiwa amelala saa 3 au 4, na hasira ya jana ingali kifuani.

Wapo wanaoumia kwa njia isiyoonekana kwa kipimo cha mkononi. Mei 2009 Arsenal ilishindwa 3-1 na Manchester United katika nusu-fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, na shabiki mmoja wa Arsenal jijini Nairobi akajitoa uhai usiku huo. Habari hiyo ilienea hadi ng'ambo, na kuna waliofanya mzaha. Mimi siamini kwamba mabao matatu peke yake humuua mtu. Kujiua hakuna sababu moja. Lakini mtu anaweza kubeba huzuni nzito ndani ya jezi, akicheka na wenzake kila Jumamosi, na anayemrushia kebehi hajui anamrushia mtu mwenye mzigo gani.

Nimewahi kumtibu mwanamume wa makamo aliyelalamika kwamba halali, tumbo linamwaka, na shinikizo halishuki ijapokuwa anameza dawa. Ilichukua ziara tatu kabla ya kusema kwamba aligombana na rafiki yake juu ya penalti, wakatoleana maneno ya aibu, naye akaacha kwenda kibandani. Penalti yenyewe alikuwa ameisahau. Kilichomtafuna ni zile jioni, kukaa peke yake uani akisikia kelele za wenzake kwa mbali. Wanaume wa umri wetu hawana mahali pengi pa kuzungumza. Ukimfukuza mtu pale kibandani, huenda umemfukuza kwa marafiki wote alionao.

Hapo ndipo ninapoona Burat ina la kupoteza kuliko mitaa mingine. Hapa wanaishi Waturkana, Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru, na tunakumbuka mapigano ya Isiolo ya 2011 na 2012, watu walipouawa na familia kuhama makwao. Kibandani Mborana na Mturkana hukumbatiana kwa sababu wote wawili ni wa Arsenal, na kumcheka Msomali na Mmeru walio upande wa Manchester. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu huchagua upande wake mwenyewe, bila kuzaliwa nao. Siku ubishi unapovuka kutoka jezi hadi ukoo, kilichovunjika si starehe ya watu wawili.

Sisemi watu wakae kimya kama wako msibani. Waswahili walikuwa na dawa ya jambo hili kabla ya hospitali: utani. Simba na Yanga za Dar es Salaam huitwa watani wa jadi, na mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huku kwetu huitwa ya mashemeji. Majina hayo yana maana. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli hadharani ukose pa kuficha uso, lakini ana mipaka, na ukifiwa ndiye hufika mapema. Shemeji humtania, na bado mtakutana harusini. Mwenye kibanda angeweza kuweka sharti moja mlangoni: timu itukanwe, mtu asitukanwe. Anayewatoza kiingilio ana uwezo wa kumtoa mkorofi nje.

Aliyezidi miaka 40 apimwe shinikizo la damu, hata kama anajiona mzima. Anayemeza dawa asiziache kwa kuwa kuna fainali, na miraa aiweke kando siku hiyo. Na mtu akishikwa na maumivu kifuani yanayobana kama kamba, yakipanda begani, mkononi au tayani, huku jasho jembamba likimtoka, wenzake wasimwambie avumilie dakika za nyongeza. Wamtafutie gari wakati huo huo, hata kama mwenye gari ni yule waliyenuniana.