Anzeni na Choo, Si na Jiwe la Msingi

Mhandisi anayetaka kuchora shule ya watoto wenye mahitaji maalumu huko Mbulu au Hanang asianze na karatasi. Aje mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Apande Mlima Magara, aazime kiti cha magurudumu, akisukume mwenyewe kutoka barabarani hadi mlango wa darasa la kwanza atakaloliona. Udongo wa kule ukilowa hauna huruma, na magurudumu madogo ya mbele yatazama kabla hajafika mlingotini. Akifika mlangoni, kama atafika, huenda akakuta njia ya mteremko iliyojengwa ili ipigwe picha: mita mbili za zege safi, zinazoanzia kwenye tope. Akae hapo hapo, atoe kalamu.

Hatukosi sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni Namba 9 ya mwaka 2010. Tangu 2016 wazazi wanaambiwa elimumsingi haina ada. Ada imeondoka, lakini ngazi tatu za mlangoni zimebaki, na mama anayembeba mgongoni mwanawe wa miaka kumi bado anazilipia kila asubuhi.

Tunachokifanya ni kuchukua ramani ile ile ya madarasa mawili na ofisi, inayodhaniwa kufaa mlimani kama inavyofaa tambarare, tukaibandika ubavuni mwa kilima. Mtoto mwenye ulemavu atakumbukwa fedha zikibaki. Hazibaki! Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi anajua kinachotokea saruji ikipanda bei: kinakatwa choo, inakatwa njia, unakatwa uzio. Siku ya jiwe la msingi hakuna mgeni rasmi anayepelekwa kukata utepe chooni.

Basi mimi nasema ramani ianze chooni. Mtoto wa bweni anaamka saa nane usiku, baridi ya Mbulu inauma, upepo unavuma, na haoni au hawezi kusimama. Choo kiko wapi? Kama kiko ng'ambo ya uwanja, mtoto huyo atajifunza kutokunywa maji mchana. Mlango wake una upana gani? Ukipungua sentimita 80, kiti huenda kisipite, na mtoto anatambaa kwa mikono juu ya sakafu ambayo wenzake wamepita na viatu. Binti aliyevunja ungo na anayehitaji msaada wa kubadilishwa, anabadilishwa wapi, na nani, nyuma ya pazia gani? Mchoraji asiyeweza kujibu maswali haya hajachora shule.

Na katika wilaya hizi choo ni dawa pia. Watafiti wameandika kwa miaka mingi kuhusu minyoo tegu wa nguruwe wilayani Mbulu. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha binadamu, na mtu akiyameza kwa mikono michafu au kwenye chakula, lava huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Haydom, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, ni miongoni mwa mahali tulipojifunzia habari hiyo. Halafu tunajenga shule ya watoto ambao baadhi yao wana kifafa, tunaweka jiko la mafiga chini, wazi, wanapopita kwenda kunawa. Mtoto akianguka pale hafi kwa kifafa, anaungua kwa uzembe wetu. Jiko liinuliwe, lizungushiwe ukuta, mlango wake ufungwe.

Kuhusu kiwanja nitasema kwa ukali, maana makaburi bado mapya. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Waliopona, wengi walikimbia. Kiziwi hasikii ngurumo ya mlima, na asiyetembea hakimbii. Kwa hiyo eneo la bure linalotolewa na kijiji karibu na korongo kwa sababu halilimiki, likataliwe bila haya. Wazee wa Kiiraqw walikuwa wakichimba nyumba ndani ya mteremko, paa la udongo likalingana na kilima; walikisoma kilima kabla ya kushika jembe. Sisi tuna vipimo na hatusomi.

Mabweni nayo tunayafunga kama maghala, nondo madirishani, mlango mmoja, kufuli nje. Oktoba 2022, huko Mukono, Uganda, moto uliwaka usiku katika shule ya wasioona ya Salama na kuua watu 11, wengi wao watoto. Hatuhitaji msiba wetu wenyewe ili tuweke mlango wa pili unaofunguka kutoka ndani.

Nasikia hoja kwamba haya yote ni anasa za Ulaya. Ni kweli Glasgow kuna shule iitwayo Hazelwood, ya mwaka 2007, ambako ukuta umevikwa gome laini ili mtoto asiyeona wala kusikia aupapase na kujua alipo. Lakini fundi wa Dongobesh anaweza kuchora mistari kwenye plasta mbichi kwa ncha ya mwiko, na haigharimu mfuko mmoja wa saruji. Dari chini ya bati ndiyo humfanya mwenye usikivu hafifu amsikie mwalimu mvua ikinyesha. Kuhamisha ubao ili mwalimu asisimame na dirisha mgongoni, uso wake ukawa kivuli kwa mtoto anayesoma midomo, ni bure kabisa. Hayo hayakosekani kwa umaskini. Yanakosekana kwa sababu hakuna aliyemuuliza mtoto.

Wapo pia wanaosema shule maalumu zimepitwa na wakati, sasa ni elimu jumuishi. Naipenda elimu jumuishi, na lango la shule ninayoitaka liwe wazi kwa watoto wa jirani wote. Ila kumwingiza kiziwi katika darasa la watoto tisini, bila mwalimu wa lugha ya alama, ni kumfungia nje akiwa ndani.

Waheshimiwa madiwani wa Mbulu na Hanang, ramani ikiletwa mezani, msiipitishe kwa makofi. Mwiteni mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, mwekeeni ile karatasi mbele yake, mwambieni aonyeshe kwa kidole njia ya kutoka kitandani hadi chooni. Kidole kikikwama mahali, rudisheni ramani.