Unawajua Wangapi?

Mpwa wangu aliitwa mahojiano mjini Kisii: kazi ya kuwaandikisha wanaotaka ajira Saudia na Qatar. Akanoa Kiingereza, akaazima koti. Diploma yake haikuguswa. Aliulizwa tu: “Kwenu Keroka unawajua wasichana wangapi wasio na kazi?” Malipo ni kwa kila kichwa.

Kumbe kilichotakiwa ni jina lake zuri kijijini! Naye akauliza: “Cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kiko wapi?” (Mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ndiyo husajili mawakala.) Akajibiwa kiko Nairobi. Akaaga.

Ndugu msomaji, dada yangu hanisemeshi hadi leo. Swali hilo nilimfundisha mimi, na binti bado hana kazi.